Nilimlilia Mtani Wangu Akiwa Hai

Kama ndiyo kwanza tunakutana kwenye ukurasa huu, mimi ni Priska, mkulima wa Namkonda, kijiji kilicho chini ya ukingo wa Newala ukiwa unatokea Masasi. Wiki zilizopita nilieleza jinsi tope lilivyomchukua Huruma, mtoto wangu wa pekee.

Siku ile kwetu hakukunyesha hata tone. Mvua ilinyesha juu, Newala, sisi huku chini tumeanika mihogo juani. Maji yakateremka na korongo hadi penye mfereji wa zamani unaoyapeleka mtoni, yakakuta mfereji umezibwa. Yakatafuta njia nyingine. Njia hiyo ilikuwa nyumba ya mama mkwe wangu, ambako Huruma alikwenda kumtwangia bibi yake.

Nilieleza pia nilichokiona baada ya maziko. Mfereji ulikuwa umefukiwa katikati ya shamba la Lukmani, na juu ya ule udongo imepandwa miche ya mikorosho, mistari imenyooka, haikuguswa na maji hata mmoja.

Serikali ilipoleta fedha za kazi mbili, kujenga mnara wa kumbukumbu na kuchimba upya mfereji, nani akachaguliwa mwenyekiti wa kamati? Lukmani. Mnara ukasimama. Mfereji haukuguswa na jembe.

Mara ya mwisho uliniacha mbele ya mnara huo, nimefunua kitambaa kabla ya siku yake. Jina la Lukmani juu kabisa, herufi kubwa kama za bango la duka. Jina la Huruma chini, herufi kama sisimizi.

Nikaapa pale pale kwamba Lukmani atalia kama nilivyolia, mbele ya watu wote. Sasa nakueleza kiapo nilivyokitimiza, na kilivyonigeuka.

*

Jioni ile nilikwenda darasani kama kawaida. Sisi watu wazima tunaosoma jioni tunatumia chumba cha darasa la tatu, na magoti yetu hayaingii chini ya madawati. Mwalimu Queen, binti ambaye ningeweza kumzaa, alikuwa anafundisha uraia. Somo lilikuwa kashfa.

"Huwezi kusimama hadharani ukamwita mtu mwuaji bila ushahidi," alisema. "Atakushtaki."

Nikanyoosha mkono. "Na mtu akisema kwa utani, Mwalimu?"

"Utani gani, mama?"

"Utani wetu huu. Wa ukoo na ukoo. Wa msibani."

Hamidu wa bodaboda akacheka kule nyuma. "Mwalimu, mtani wake huyu ni Mwenyekiti Lukmani. Hapo kuna jambo!"

"Utani haumo kwenye silabasi," Mwalimu Queen akasema. "Lakini kwa kweli, sijawahi kusikia mtani ameshtakiwa."

Sikusikia kingine alichofundisha siku hiyo.

Kwa wewe unayesoma ukiwa mbali: ukoo wetu na ukoo wa Lukmani ni watani tangu babu zetu hawajavaa viatu. Akifiwa yeye, mimi naweza kulala kaburini nikakataa kutoka. Naweza kuvaa nguo za marehemu nikatembea kama yeye, nikasema alikuwa mchoyo, nikasema aliiba kuku. Hakuna wa kunizuia. Na mwenye msiba haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, watu husema: kumbe yale ni kweli.

Hiyo ndiyo silaha niliyoipata. Nitamlilia Lukmani mbele ya mnara wake, akiwa hai. Nitayasema yote. Akinyamaza, watu watakuwa wamesikia. Akikasirika, amejifunga mwenyewe.

*

Nilifunga na kuomba. Sitadanganya kwamba niliomba amani. Nilipiga magoti nikamwambia Mungu: Baba, najua kisasi ni chako. Niazime tu kwa siku moja, nitakurudishia.

Padre Nikolao alinikuta kanisani mchana, peke yangu.

"Unafunga kwa ajili ya nini, Priska?"

"Kwa ajili ya mtu, Padre."

"Mgonjwa?"

"Anaendelea vizuri mno, Padre. Ndilo tatizo."

Akanitazama. "Mwombee."

"Namwombea sana," nikasema. Sikumwambia namwombea nini.

Kutoka hapo nilikwenda nyumbani kwa Lukmani. Nilijua yuko kwenye kikao. Mkewe, Stamili, alikuwa uani anapepeta ufuta.

"Mtani! Umekuja kutuibia?"

"Nimekuja kuchukua urithi. Mume wako akifa, ile kanzu nyeupe ni yangu."

"Basi subiri afe."

"Anakufa kesho, asubuhi. Nimeona nichukue mapema, kabla ndugu zake hawajagombana."

Stamili alicheka mpaka ungo ukamtoka mkononi. Akaingia ndani, akarudi na kanzu na kofia. Lakini aliponipa, hakuiachia haraka.

"Mchekeshe kidogo, Mama Huruma. Tangu mafuriko yale mume wangu hacheki ndani ya nyumba. Amemeza kitu, na chenyewe hakishuki."

Nikaitikia, "Nitamsaidia kishuke."

Moyoni nilisema: ni mtoto wangu huyo aliyekukwama kooni, Lukmani.

Nyumbani nilimkuta mume wangu, Yoeli, anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Aliiona kanzu kwenye kapu.

"Hiyo ya nani?"

"Ya marehemu."

Nikamweleza mpango wote. Nilitegemea ataninyanyua kwa furaha. Yoeli akaweka kisu chini.

"Usiende, Mama Huruma."

"Kwa nini?"

"Watu wanataka kumbukumbu. Wewe unataka ugomvi. Mtoto hatarudi."

"Nani kasema nataka arudi? Nataka Lukmani alie kama nilivyolia."

"Na kama si yeye?"

"Shamba la nani lile, Baba Huruma? La kwangu?"

Akachukua kisu, akaanza kumenya mng'oko ambao alikwisha kuumenya.

"Mwoga wewe," nikamwambia. "Umezika mtoto, na ulimi ukauzika humo humo."

Neno baya kwa mume. Nililisema, na nililala usingizi mzuri.

*

Asubuhi uwanja ulijaa. Turubai, viti vya plastiki, spika zinazokoroma, kwaya yetu upande huu, vijana wa madrasa upande ule. Mnara katikati, umefunikwa kitambaa cha bluu. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja kutoka serikalini, si mtu wa huku kusini, mwenye miwani na sauti ya kutotaka mchezo.

Mimi nilikuwa nyuma ya jengo la ofisi ya kijiji na Yasinta, mwenzangu wa kwaya, ananipaka unga wa muhogo usoni.

"Unaonekana kama mzimu," akasema.

"Ndivyo ninavyojisikia. Paka na shingoni."

Mgeni rasmi alipopewa kipaza sauti, hakuanza na salamu ndefu.

"Fedha hizi zilitolewa kwa kazi mbili. Mnara nauona, ni mzuri. Lakini kumbukumbu bila kinga ni sawa na kusubiri kujenga mnara wa pili. Mfereji uko wapi, Mwenyekiti?"

Lukmani akasimama, tumbo likitangulia. "Mheshimiwa, kuna suala la ardhi. Tunalishughulikia."

"Ardhi ya nani?"

"Yangu, Mheshimiwa."

Watu wakaguna.

"Kwa hiyo wewe unazuiwa na wewe?"

Wakacheka. Lukmani akajifuta jasho.

"Niambie basi. Mfereji ulizibwa na nani?"

Lukmani akatazama viatu vyake.

Nikasema kimoyomoyo, Asante, Baba. Nikatoka.

"Uuuwiii! Uuuwi, jamani! Lukmani wangu amekufa! Amekufa mtani wangu, nani atakula sasa!"

Nilitoka na kanzu ile inaburuta chini, kofia imenifunika nyusi, nimejaza kanga tumboni, natembea kwa mwendo wake, mikono nyuma, tumbo mbele. Uwanja ukalipuka. Watoto walisimama juu ya viti.

Askari akanikimbilia. Yasinta akapaza sauti, "Mwacheni! Huyo mtani! Mtani hashikwi!"

"Mtani! Mtani!" watu wakaitikia.

Mtendaji wa kijiji akainama kumnong'oneza mgeni rasmi. Yule mama akavua miwani, akakaa. Askari akarudi nyuma.

Lukmani alinitazama tangu kofia mpaka pindo la kanzu. Nilidhani ataanza kutetemeka. Akatabasamu.

"Nani kafa?" akauliza.

"Wewe."

"Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Kushiba."

Kicheko. Lukmani akageukia watu. "Basi mbona sisikii harufu ya pilau? Msiba wangu mnapika nini?"

"Panya."

"Hapo nimeamini kafa mtani wenu. Ukoo wenu wa wala panya hausahau asili!"

"Tumekuchagulia mnene mmoja, marehemu, tumempa jina lako."

Watu walikuwa wanashikana mabega. Hata mgeni rasmi aliuma mdomo. Nikaona mambo yanakwenda siko. Lukmani akavua viatu, akavuta mkeka wa wanakwaya, akalala chali mbele ya mnara, mikono imenyooka.

"Haya, mtani. Umenililia vizuri. Sasa fanya kazi ya mtani, nioshe. Lakini maji ya moto, na ya kisimani. Msiniogeshe maji ya mfereji."

Ulimi ulimteleza. Nikaudaka.

"Maji ya mfereji?" nikasema. "Mfereji gani, marehemu? Si umezibwa?"

Kicheko kikakatika kama kamba.

Sikumpa nafasi. Kwetu maiti haizikwi bila wasifu, nami wake nilikuwa nimeuweka kichwani. Nikasimama juu yake, nikaukunja uso kama katibu wa msiba.

"Ndugu waombolezaji. Marehemu Lukmani alizaliwa mwembamba kama sisi. Akakua, akanenepa. Siku moja akauona mfereji wa babu zetu unapita shambani kwake. Akasema, maji ya nini? Akaufukia. Akapanda mikorosho. Maji yalipokuja yakabisha hodi, yakakuta mlango umefungwa, yakaenda kulala kwa mama mkwe wangu."

Nikamzunguka pale mkekani.

"Marehemu ameacha mjane mmoja, mnara mmoja wenye jina lake kubwa, na mtoto wa mwenzake chini ya udongo. Mungu amlaze panapomstahili."

Nikachota unga uliobaki mfukoni, nikammwagia kifuani kama udongo wa kaburini. Nikangoja.

Kasirika, nilimwambia moyoni. Inuka unipige kofi. Nipige, Lukmani, mbele ya hawa wote.

Lukmani akafumbua jicho moja.

"Mtani," akasema, "wasifu una kosa."

"Kosa gani?"

"Umesema nimepanda mikorosho. Mimi? Kwa tumbo hili?" Akalipiga kofi, unga ukaruka. "Nani hapa amewahi kuniona nimeinama? Hata sarafu ikinidondoka naita mtu. Mikorosho ile ilipandwa na mtu mwenye kiuno!"

Ee Mungu, watu walicheka. Walicheka kwa kushukuru, kama waliotolewa mzigo kichwani. "Kweli! Kweli!" Bibi mmoja akaanguka kutoka kwenye kiti. "Maiti imejitetea!"

Nikajua nimeshindwa. Nilikuwa nimemleta Lukmani kaburini, naye amelala humo anakula kicheko cha watu kama karanga. Kesho watasimulia utani wetu, hawatasimulia mfereji.

Ndipo nikasikia vurugu upande wa kwaya. Mtu alikuwa anapasua watu kwa mabega, viti vinaanguka. Alikuwa Yoeli.

Alifika mkekani, akamshika Lukmani kola kwa mikono miwili.

"Lukmani! Tulikubaliana!"

Kicheko hakikuisha mara moja. Kiliisha kimoja kimoja, kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka kikabaki cha mtoto mmoja aliyekuwa bado hajaelewa.

Yoeli alikuwa anahema. "Tulikubaliana hutasema! Uliapa kwa Mungu wako!"

Lukmani alimtazama kwa huzuni ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

"Yoeli," akasema taratibu. "Ungecheka tu. Mbona wote walikuwa wanacheka? Ungecheka na wewe, tukaenda kula."

*

Nilikuwa bado na kofia ya Lukmani kichwani.

"Baba Huruma," nikasema. "Mmekubaliana nini?"

Akaiachia kola. Akapiga magoti, si kwangu, kando ya mkeka.

"Alinikodisha kile kipande," akasema. "Nilitaka kukushangaza. Mikorosho ikianza kuzaa, Huruma yuko sekondari. Udongo wa kwenye mfereji ndio mzuri. Kiangazi chote mfereji ulikuwa mkavu, Mama Huruma. Miaka mitatu sikuona maji yamepita pale. Nikasema, ni shimo tu."

"Ukaufukia."

"Nikaufukia."

"Na mimi nikimlaani Lukmani kila usiku, wewe ubavuni kwangu, ukawa unaitikia amina."

Aliwahi kuitikia amina. Nilimsikia kwa masikio haya.

"Alikuja kwangu siku ya maziko," Lukmani akasema kutoka mkekani. "Alitaka kujinyonga. Nikamwambia shamba ni langu, watu watanisema mimi, na mimi nina mwili wa kubebea maneno. Mfereji nikauchelewesha, maana kuchimba lazima wang'oe miche, na wakiing'oa watauliza nani alipanda. Nilisema mwanamke huyu amezika mtoto, asizike na mume."

Ungedhani hapo nililia. Ungedhani nilimwomba mtani wangu msamaha. Hapana. Huu ni ukurasa wa kusema kweli, nitasema kweli.

Hasira yangu haikupungua hata kijiko. Iligeuka tu, kama mbwa aliyekuwa anabwekea njia akasikia mwizi yuko jikoni. Nilimtazama Yoeli pale chini, kisogo chake, kile kisogo nilichokuwa namnyoa mwenyewe kila Jumamosi, na nikatamani ningekuwa na jembe.

Baba, nikasema, uliniazima kisasi. Sijakurudishia bado.

Spika zikakoroma. Mgeni rasmi alikuwa amesimama, kipaza sauti mkononi. Baada ya kelele za Yoeli tulikuwa tumezungumza chini chini, naye alikaa mbali. Alichokiona ni mwanamke mwenye unga usoni, mwanamume amepiga magoti, na mwenyekiti amelala.

"Nimeelezwa kwamba maneno ya mtani hayashtakiwi," akasema. "Sawa, mila ni mila. Lakini umesema mfereji ulizibwa na mtu, na watu wamekufa. Vua hiyo kanzu, mama. Useme kama raia."

Nikaivua. Ndani nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani. Nikajifuta uso kwa ile ile kanzu, unga ukaniingia machoni.

"Nataka jina moja," akasema. "Nikilipata, askari huyu ataondoka naye, na tingatinga linaingia shambani wiki hii. Mvua za Newala hazitangoja kamati yenu. Nisipolipata, fedha za mfereji nazirudisha nilikozitoa, mtabaki na mnara."

Akaninyooshea kipaza sauti.

Lukmani akaninong'oneza kutoka chini, midomo haichezi. "Nitaje mimi, mtani. Nimeshalala, kuinuka ni kazi."

Yoeli akainua uso. Hakunisihi. Ningemshukuru kama angenisihi, ningepata sababu ya kukataa.

Nikashika kipaza sauti. Nilikuwa na majina mawili mdomoni. Moja lilikuwa la mtu niliyemchukia tangu mafuriko, asiye na kosa, anayejitolea. Lingine nilikuwa nimelizoea kiasi kwamba hata kwa hasira ile ulimi haukujua kulitamka vinginevyo. Mwanamke wa kwetu hamwiti mume wake kwa jina alilobatizwa. Kuliandika hapa naweza; kulitamka sikuwahi, na hata pale sikuweza.

"Aliyeziba mfereji," nikasema, na spika zikaipeleka sauti yangu hadi kwenye mikorosho, "ni Baba Huruma."

Uwanja mzima ukavuta pumzi. Kila mtu wa Namkonda alijua nimemsema nani.

Askari hakujua. Alikuwa mgeni kama bosi wake. Akatoa pingu kiunoni, akazungusha macho.

"Baba Huruma ni nani hapa?"

Yoeli akaanza kunyanyuka, mkono mmoja ardhini, polepole kama mzee. Hajanyooka vizuri, nikasikia mkeka unalia.

Lukmani alikuwa amesimama. Yeye asiyeinama, asiyeinuka bila kuitiwa mtu wa kumvuta, alisimama wima na unga wote kifuani, akanyoosha mikono kwa askari.

"Ni mimi," akasema kwa sauti kubwa. "Baba yake Huruma ni mimi."

Alikuwa ananiokolea mume kwa mara ya pili. Naapa mbele za Mungu ninayemwomba kila siku, hakukuwa na kingine ndani ya neno lile. Lakini lilishatoka, na kijiji kikalisikia jinsi kijiji kinavyosikia. Niliona vichwa vikigeuka, vikimwacha Lukmani, vikimwacha Yoeli, vikija kwangu, halafu kwenye ile kanzu yake niliyoishika kifuani.

Yoeli alinitazama kama mtu anayehesabu miaka.

Na kule kwenye viti vya wanawake, Stamili akavua viatu, akakaza kanga kiunoni, akaanza kuja.